Majina Yaliyoitwa Sikioni Mwangu

Harufu ya samli ikipashwa moto kwenye kijiko hunitia kizunguzungu hata leo. Juzi jirani yangu alikuwa akimpashia mjukuu wake, ati mtoto analalamika sikio, na ile harufu iliporuka ua ikaja jikoni kwangu niliacha kuchambua mboga nikakaa chini, mtu mzima mimi, nimeshika sikio langu la kushoto. Halikuwa na neno lolote. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Nikapaza sauti nikamwambia yule jirani ampeleke mtoto hospitali, aache kumkaanga. Alinuna. Anune tu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa Nyatike mtakikumbuka kinu cha Macalder. Si kinu cha mahindi, ni kile cha kuponda mawe yaliyotolewa chini mgodini. Kilipiga mchana, kikapiga usiku, tu-tu-tu, vikombe vikitetemeka kwenye rafu na kuku wakitaga mayai bila kujali. Sisi tuliokaa kwenye kambi ya wafanyakazi, vyumba vya mstari vilivyogusana migongo, hatukukisikia tena, kama vile mtu asivyosikia pumzi yake. Kambini walikuwa Waluo, Wakuria, Waluhya, hata Wasukuma waliovuka mpaka, kwa hiyo watoto tulisema Kiswahili cha kila mtu na cha hakuna mtu, na tulikisema kwa kupayuka. Usipopayuka nani angekusikia? Baba yangu alifanya kazi pale pale kinuni na masikio yake yalikuwa yamekufa nusu. Nyumbani kwetu ukimwambia Baba chakula kiko tayari, majirani watatu walinawa mikono.

Basi siku moja kinu kilisimama. Kitu fulani kilivunjika ndani yake, mafundi wakaingia kukirekebisha. Wanawake walitoka milangoni wakatazamana. Nilikuwa na miaka saba hivi, nimekaa kizingitini, na katika ule ukimya nilisikia kitu kilichonishtua: mimi kinu changu kilikuwa bado kinapiga. Tu, tu, tu, taratibu, ndani kabisa ya sikio la kushoto. Nikainama, kikapiga kwa nguvu zaidi. Nikakimbia hadi msalani na kurudi, nacho kikakimbia. Nikamwendea Mama nikamwambia kwamba kinu hakijasimama, wanatudanganya. Mama akatega sikio, akatikisa kichwa, akaniambia niache mchezo.

Nilitafuta sababu mwenyewe. Mtoto hakosi sababu. Wakati ule Mama alikuwa mja mzito, na kama wajawazito wengi wa kwetu alikuwa akila odowa, yale mawe laini ya rangi ya majivu yanayouzwa sokoni, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Alinimegea kipande, nami nikaonja, nikapenda, nikapenda kupita kiasi. Nikawa naiba. Nilikuwa naingia nayo kitandani, natafuna polepole ili Mama asisikie. Sasa, mimi niliyezaliwa kambini nilijua jambo moja kwa hakika: penye mawe pana kinu. Nikaona wazi kwamba mawe niliyoyala yamejaa tumboni, na mwili wangu umelazimika kujijengea kinu chake cha kuyaponda, na kimewekwa kichwani kwa sababu tumboni hakuna nafasi. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba Mama akijua kuna kinu atajua na habari za mawe.

Kwa hiyo nilipoendelea kulalamika sikumwambia habari za odowa. Mama akasema ni kupe. Mtoto anayelala nyasini na mbwa lazima aingiwe na kupe sikioni. Akapasha samli kwenye kijiko juu ya makaa, akanilaza kichwa mapajani, chini ya lile tumbo lake, akaimimina. Ilikuwa moto kiasi cha kunitoa machozi. Tukangoja kupe aelee. Kilichotoka ni samli ile ile, na kinu kikaendelea kupiga, ila sasa kikawa kinapigia majini.

Hapo ndipo Dani alipoingilia kati. Dani ni bibi, mama yake Baba, na alikuwa amevuka mto Kuja kuja kukaa nasi hadi Mama ajifungue. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Wengine mnapenda kusimulia bibi zenu kama wachawi. Dani wangu alikuwa mcheshi, mwenye mikono mikubwa, na alimngoja yule mtoto wa tumboni kuliko mtu yeyote, kwa sababu tangu nizaliwe mimi Mama hakuwa amepata mwingine, na watu wa kijijini walikuwa wamekwisha kusema yao. Alimwita Mama Nyar Sindo, binti wa Sindo, kama kwetu anavyoitwa mke kwa mahali alikotoka, na kila asubuhi alimuuliza amelalaje kabla ya kumsalimu mwanawe mwenyewe.

Kwetu mnajua desturi. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina likitajwa akanyamaza, basi huyo ndiye aliyekuja anataka kuitwa. Dani aliniangalia wiki nzima nikitembea na kiganja sikioni, akaamua. Mchanga hulia kwa mdomo, akasema, huyu mkubwa analizwa kwa sikio. Kuna mtu wa nyumba hii anabisha hodi na hakuna aliyemfungulia.

Aliniamsha alfajiri, kabla hatujamsalimu mtu, akanikalisha mlangoni nikiangalia macheo. Alipiga magoti nyuma yangu, mdomo wake karibu na sikio langu, unanuka tumbaku. Akataja jina la kwanza. Akangoja. Akaniuliza imekoma? Nikasema bado. Jina la pili. Bado. Aliwaita wanawake, akawaita wanaume, akawaita watu waliokufa kabla yeye hajaolewa, kila mmoja kwa heshima, na kila mmoja nilimrudisha. Miguu ilikufa ganzi. Nilikuwa nasikia Mama ndani akikoroga uji, na uji wa wimbi ukipoa unafanya ngozi juu, na mimi ngozi ile siipendi. Kibaya zaidi, sauti ya Dani ilikuwa inapungua. Kila niliposema bado alikuwa kama mtu aliyefungua mlango akakuta nje hakuna mtu. Nilimwonea huruma, jamani. Alipofika kwa Adero, shangazi yake Baba, nikasema imekoma.

Haikuwa imekoma. Ilikuwa inapiga vile vile.

Dani alinigeuza akanitazama, machozi yanamtiririka. Adero alikuwa wifi yake, mwanamke aliyempokea alipoolewa akiwa msichana, akamfundisha kila kitu cha boma lile. Tangu asubuhi ile alikoma kuniita mjukuu. Aliniita wifi. Wifi, njoo ule. Wifi, umenichokoza. Alinipa mguu wa kuku uliokuwa wa Baba. Alinisimulia mambo ya Adero na kuniuliza kama nakumbuka, na mimi nilijibu ndiyo, nakumbuka, mpaka nikaanza kukumbuka kweli. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ilikuwa na kuku.

Lakini nilianza kuogopa. Kila mtoto wa Kiluo alijua neno chira, ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko mpaka aishe, na mimi nilikuwa nimewadanganya waliokufa. Nilikuwa nakonda kweli. Nikipanda kilima cha shule nilisimama mara tatu kutafuta pumzi. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama unga. Na kinu kichwani kilipiga kwa kasi zaidi, nami sikuweza tena kumwambia mtu, kwa sababu kwa watu wote kilikuwa kimekoma.

Wakati mimi nakonda, Mama alikuwa anafura. Miguu yake ilijaa hadi viatu vikamkataa. Jioni alininyooshea mguu nami nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi, nikatoboa jingine kando yake, tukacheka. Nilitengeneza macho, pua, mdomo. Uso mzima kwenye mguu wa mama yangu. Nasema hili kwa sababu watu hudhani mambo mabaya huja na sura mbaya. Sisi tulicheka.

Kisha siku moja nikamwona ameketi ukingoni mwa kitanda, amefunga kichwa kwa leso, kiganja kimeziba sikio. Kimeziba hasa, kama nilivyokuwa nikiziba mimi. Nikamuuliza. Akasema kuna kitu kinagonga humo ndani, kinagonga kama moyo.

Damu ilinikimbia, ile kidogo niliyokuwa nayo. Tulilala kitanda kimoja, sikio kwa sikio, Baba akiwa zamu. Sikuhitaji kuambiwa. Adero hakuwahi kuja kwangu. Nilimwita kwa uongo, akaja akakuta si mahali pake, akakasirika, akavuka ule mto mdogo, mto wa kulalia, akaingia kwa Mama. Kila kilichokuwa kinapungua kwangu kilikuwa kinaongezeka kwake. Nilipiga hesabu hiyo na kila mara ilikubali.

Dani aliposikia hakushtuka, alifurahi. Sasa ni wa tumboni anayetafuta jina, akasema, na njia iliyomfaa wifi itamfaa huyu. Alfajiri iliyofuata akamkalisha Mama pale pale mlangoni. Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Jina la kwanza, Mama akatikisa kichwa. La pili, akatikisa. La tatu lilikuwa la Obura, babu yake Baba, na Mama akasema haraka, imekoma, mama, imekoma. Dani akapiga vigelegele vilivyopita kelele za kinu. Mtoto wa kiume, tena mwenye jina.

Adhuhuri Mama alinimiminia chai. Aliimimina kando ya kikombe. Aliendelea kuimimina kwa utulivu, mezani, anatazama mahali ambapo aliona kikombe, mpaka chai ikaanza kunidondokea magotini. Nikamwambia Mama, kikombe kiko huku. Akacheka kidogo, akasema ameona viwili. Halafu akapeleka kiganja sikioni.

Nilitoka mbio. Sikujua naelekea wapi mpaka nilipofika lango la kinu, zamu inabadilishwa, wanaume wanatoka wameloa vumbi jeupe. Nikamshika Baba shati. Jambo kama lile nilitaka kulisema kwa kunong'ona, gizani ikiwezekana, nikiwa nimefunikwa blanketi. Lakini Baba hakuwahi kusikia mnong'ono maishani mwangu. Nikamwambia nilidanganya. Akainama akauliza nimesema nini. Nikasema tena. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Ikabidi nipige kelele, mbele ya zamu nzima ya wanaume, kwamba nilidanganya, kwamba Adero hakukoma, kwamba sasa yuko ndani ya Mama na anampofusha.

Wanaume walisimama. Baba akaniuliza Adero gani. Alikuwa hajui nusu ya mambo haya; mwanamume wa zamu huambiwa mambo yakiisha. Nikayamwaga yote bila mpangilio, majina, odowa, mguu wenye mashimo, leso kichwani, chai mezani. Kuhusu shangazi yake hakuuliza tena. Alinishika mabega.

"Chai aliimimina wapi?"

"Mezani, Baba. Anaona vikombe viwili."

Alinibeba. Sijui kama nimewaambia kwamba alikuwa mtu mzito asiyekimbia. Alikimbia mpaka penye lori la kubebea mbao, akazungumza na dereva kwa ile sauti yake ya kinuni, na tulipofika mstarini kwetu kila mlango ulikuwa wazi kwa sababu habari zangu zilikuwa zimetangulia. Dani alikuwa kizingitini. Alikuwa amesikia. Watu walimwingiza Mama kwenye lori, amelazwa juu ya godoro, na Dani hakusogea kusaidia, alinitazama mimi tu.

"Basi niliyekuwa namwita wifi ni nani?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Baba akanitupa ndani ya lori kando ya Mama.

Safari ile naikumbuka vipande vipande. Migori. Vumbi. Awendo, ambayo siku hizo haikuwa na kiwanda wala malori ya miwa, mahindi tu na vichaka. Njiani Mama alikakamaa, macho yakageuka, meno yakasagana, na Baba akamlaza ubavu akamshika hivyo hadi mwili ulipolegea. Nilijua huyo ni Adero anajaribu kutoka. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Nilimwambia arudi kwangu, sikio liko wazi.

Hospitali ilikuwa upande wa Homa Bay, ziwa linaonekana dirishani. Daktari alikuwa kijana, mtu wa mbali, anasema Kiswahili kwa adabu. Alimfunga Mama kitambaa mkononi, akaminya mpira, akatazama kipimo, akaminya tena kana kwamba hakiamini. Wakamsukuma ndani haraka. Baadaye sana alitoka akatukuta kwenye benchi, na Baba, kwa kuwa hakuwa na lingine la kusema, akamweleza kwamba hata huyu mtoto anagongwa sikioni, labda ni kitu kimoja. Yule kijana alinivuta kope la chini, akageuza viganja vyangu, akaniuliza kama ninakula udongo. Nilimtazama Baba. Nikakubali.

Akasema si kitu kimoja. Sauti ni moja, vyanzo ni mbalimbali. Alipaza sauti kwa ajili ya Baba, kwa hiyo wodi nzima ilifundishwa. Huyu mdogo damu imepungua, malaria na minyoo wameimaliza, ndiyo maana anatamani mawe. Moyo unapiga mbio kuisambaza hiyo iliyobaki, na sikio liko jirani, linausikia. Mama yake damu haijapungua, inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, ni ugonjwa wa mimba, na yeye pia anausikia moyo wake. Wengine ni nta imeziba, wengine ni maji nyuma ya ngoma ya sikio. Haya huwezi kuyajua kwa kutazama nje.

Nilimsikiliza kwa makini na nikachanganyikiwa kuliko mwanzo. Mmoja imepungua, mwingine imezidi, na wanalala kitanda kimoja. Nikamuuliza kwa nini wasichote za Mama wakanitilia mimi. Alinipa vidonge. Na Adero je? Sikumuuliza, maana hakuwa Mluo. Lakini nilibaki na swali hilo: kama hakuwepo, mbona nilikuwa nakumbuka nyimbo zake?

Siku ya tatu wakaniruhusu kumwona Mama. Kabla ya hapo nilikuwa nimesifiwa na kila mtu. Dereva wa lori alinisifu, wauguzi walinisifu, Baba alinishika kichwa akasema kwa sauti iliyofika bandarini kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mama yangu. Sikuwahi kusifiwa hivyo maishani, na nilianza kujisikia. Niliingia wodini kifua mbele.

Uso wa Mama ulikuwa umerudi. Alikuwa na pua yake ya zamani. Midomo ilikuwa imepasuka mahali alipojiuma. Nikapanda kitandani nikamwambia upesi, kabla hajaambiwa na mtu mwingine, kwamba nilidanganya, kwamba langu halikukoma hata siku moja.

"Hata langu halikukoma," akasema Mama. "Nilimwambia dani yako imekoma kwa sababu lako lilikuwa limekoma. Wewe mtoto mdogo wafu wa nyumba hii wamekupokea. Ningesemaje kwamba mimi wamenikataa?"

 Nilijaribu kuirudisha asubuhi ile mlangoni, uji unapoa, Dani nyuma yangu ananuka tumbaku, na mimi nasema bado, bado, bado, mpaka majina yote yaishe na watu wakose la kufanya ila kwenda hospitali mapema. Sifa zote zilinitoka mwilini palepale. Nilitaka kumuuliza kama basi nilikuwa nimemwokoa au nusura nimuue, na sikujua maneno ya swali hilo, kwa hiyo nikauliza jingine. Nikamuuliza Obura yuko wapi.

Mama alinivuta nilale ubavuni pake, pale ambapo tumbo lilikuwa, akaniambia Obura alizaliwa bila kulia, wala hakuvuta pumzi.